Dola 12 za kila nyumba: Connecticut na misingi inayomomonyoka

Ufa wa kwanza huwa mwembamba kama unywele. Mwenye nyumba huuziba kwa saruji, akausahau. Miaka ikipita, nyufa hutapakaa ukuta mzima wa chumba cha chini ya ardhi, na zege likikwanguliwa kwa kucha linapukutika.

Ndivyo ilivyowafika maelfu ya familia kaskazini mashariki mwa Connecticut, Marekani. Kuanzia 1983, nyumba nyingi za huko zilijengwa kwa kokoto za machimbo ya Becker, mjini Willington. Mwamba wake una pirotaiti, madini ya chuma na salfa. Yakikutana na maji na hewa, huzaa kemikali zinazovimba na kulipasua zege kutoka ndani. Dalili huchukua hata miaka 20 kujitokeza, na dawa ni moja tu: nyumba inyanyuliwe kwa jeki, ikae juu ya mihimili ya chuma, msingi wa zamani uvunjwe, umwagwe mpya, kisha ishushwe. Gharama inaweza kuzidi dola 150,000.

Wengi walinyamaza. Nyumba ikishajulikana ina ugonjwa huo, hainunuliki, na mkopo wa benki bado unadaiwa. Kampuni za bima nazo zilikataa kulipa, zikisema bima hulipia nyumba iliyoanguka, na hizi zilikuwa bado zimesimama. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba nyumba lazima iwe karibu kabisa kuanguka ndipo bima ilipe. Kwangu mimi huo ni ukatili: mtu asubiri paa limfikie kichwani ndipo asikilizwe?

Kabla ya hukumu hiyo, baadhi ya wenye nyumba walikuwa wameungana, wakapaza sauti, na mwaka 2015 Gavana Dannel Malloy akaagiza uchunguzi. Sheria ya 2016 ilificha majina ya waliotoa taarifa, ikaruhusu nyumba zao zithaminiwe upya ili kodi ipungue. Mwaka 2017 likaidhinishwa shirika maalumu la fidia, na jimbo likaahidi dola milioni 100 za hati fungani kwa miaka mitano. Maombi yalianza kupokewa Januari 2019, kila nyumba ikiwekewa kikomo cha dola 175,000. Ngazi za nje, njia ya gari na bustani, vyote huharibika wakati wa kazi, lakini shirika halivilipii.

Dola milioni 100 za jimbo zisingetosha. Ndipo kila bima ya nyumba jimboni ikaongezewa dola 12 kwa mwaka, hadi 2029. Anayeishi pwani, ambaye msingi wake ni mzima, anamchangia asiyemjua. Huu ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko yote katika mkasa huu, kwa sababu hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuulizwa kokoto zake zitoke wapi.

Lakini zege lilivuka mpaka. Massachusetts, jirani wa kaskazini, ilianza kwa kurudisha gharama za kupima msingi tu. Familia iliyojenga upande huo, kwa kokoto zilezile, ilipewa majibu ya maabara bila fedha za kumwaga msingi mpya.