Mtihani wa Dola (Kabongo)

Mtihani wa Dola, unaojulikana zaidi kwa jina la Exetat, ndio mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kongo, na ulianza kufanyika mwaka 1967. Huko Kabongo, kwenye njia ya reli itokayo Kamina kwenda Kabalo, mkoani Haut-Lomami, watahiniwa huufanya kama wenzao wote nchini. Insha ya Kifaransa hutangulia, wiki kadhaa kabla. Kisha huja siku nne nzito: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya mchepuo. Maswali ni ya kuchagua jibu, na anayepata chini ya asilimia 50 hukosa diploma. Hapo ndipo uzito wake ulipo, kwani bila diploma hiyo mlango wa chuo kikuu hufungwa, na hata kijana anayetamani kuwa ofisa wa jeshi kupitia akademia ya Kananga huhitaji kuwa nayo. Ni mzigo mkubwa mno kwa siku nne. Matokeo yakitangazwa, waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, na nyimbo husikika barabarani.