Fremu ya Lumumba mitaani Kampemba

Kwenye barabara za Kampemba, kuanzia Bel-Air hadi Bongonga, wachuuzi wa miwani hupita na ubao begani, fremu zimepangwa safu kwa safu. Kuna za plastiki inayong'aa kama maji, pana hadi kwenye mashavu. Kuna duara za waya wa rangi ya dhahabu, na zile nyembamba za miaka ya 1990 ambazo vijana wamezifufua. Mteja akisita, mchuuzi anampa kioo kidogo na neno lake: "Papa, ii njo inakukala muzuri." Katikati ya ubao haikosekani fremu moja ambayo juu yake ni nene na nyeusi kama nyusi za pili, na chini yake ni uzi mwembamba wa chuma unaoshika lenzi. Wanaoichukua siku hizi wengi wao hawajafika miaka thelathini. Wanaiona kuwa mtindo mpya, ilhali katika mji huu wa Lubumbashi hakuna fremu yenye historia nzito kuliko hiyo.

Ilitengenezwa Marekani mwaka 1947, katika kampuni ya Shuron. Jack Rohrbach, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, alibuni fremu iliyoundwa kwa vipande: sehemu ya juu, daraja la puani na duara la lenzi. Kila kipande kilikuwa na vipimo na rangi zake, na fundi aliviunganisha kulingana na uso wa mteja. Katika miaka ya 1950 fremu hiyo ilienea duniani, nyusoni mwa walimu, mawakili, makarani na wanasiasa. Malcolm X alivaa ya aina hiyo.

Kongo ya Wabelgiji wakati huo ilikuwa na tabaka la Waafrika waliosoma, walioitwa évolués. Serikali ya kikoloni iliwapimia ustaarabu kwa karatasi: kadi ya sifa za kiraia kuanzia 1948, kisha uandikishaji wa 1952, ambao mwombaji aliupata baada ya tume kumhoji na kumkagua hadi nyumbani kwake, anakula vipi, analala vipi. Mtaani mambo yalikwenda kwa haraka zaidi. Kalamu kwenye mfuko wa koti, viatu vilivyopigwa rangi na miwani usoni vilitosha kumtambulisha mtu wa ofisi. Karani wa posta wa Stanleyville (Kisangani ya leo) aitwaye Patrice Lumumba, aliyepata uandikishaji huo mwaka 1954, alikuwa mmoja wao. Tazama picha zake za 1960, mwaka aliokuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru: nywele zimepasuliwa njia upande mmoja, kidevu kina ndevu chache, na juu ya macho umekaa ule mstari mweusi. Mchoraji akiishika miwani na ile njia ya nywele, hata asiyejua kusoma anamtambua.

Ndiyo maana habari ya tarehe 2 Desemba 1960 inachoma hadi leo. Lumumba alikuwa amekamatwa Kasai akijaribu kufika Stanleyville, akarudishwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) kwa ndege. Rajeshwar Dayal, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, alipoandika ripoti juu ya kushushwa kwake, alitaja shati lililochafuka, nywele zilizovurugika, damu iliyoganda shavuni, mikono iliyofungwa nyuma. Na alitaja kwamba hakuwa na miwani. Mtu aliyezoea kuona kupitia lenzi alikuwa akisukumwa kwenye lori mbele ya kamera, huku nyuso za waliomzunguka huenda zikiwa ukungu mtupu machoni pake. Naamini waliomtendea hivyo walijua wanachofanya: walikuwa wanamvua cheo, elimu na sura kwa pigo moja.

Tarehe 17 Januari 1961 aliletwa huku kwetu, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walitua Luano, uwanja wa ndege wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, na usiku huohuo wakapigwa risasi kwenye pori la Shilatembo. Katika serikali ya Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, iliyowapokea, waziri wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, ambaye picha nyingi za miaka ile zinamwonyesha na miwani nyeusi. Wazee walioishi wakati huo wanaikumbuka.

Walioturudishia miwani ya Lumumba ni wachoraji wa mji huu. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, alichora kwenye magunia ya unga mfululizo wa picha takriban mia moja za historia ya nchi, na mtafiti Johannes Fabian akazikusanya miaka ya 1973 na 1974. Picha za namna hiyo hazikuchorwa kwa ajili ya makumbusho. Ziliuzwa kwa watu wa kawaida, zikatundikwa sebuleni juu ya makochi, na watoto walikua wakimtazama shujaa huyo.

Rais Mobutu naye alivaa fremu nene nyeusi. Siasa yake ya uhalisi ilipokuja, suti na tai vikapigwa marufuku, abakosti ikashika mahali pake, majina ya Kizungu yakafutwa. Miwani ikabaki. Ilibaki hadi kwenye noti, chini ya kofia ya chui. Baadaye wapenzi wa mwanamuziki Papa Wemba na wenzao wa sape, mtindo wa kujivunia mavazi ya kifahari, waligeuza fremu kuwa suala la jina la mtengenezaji na bei yake, na mtu aliweza kuvaa lenzi zisizo na nguvu yoyote ili mradi jina lionekane.

Fremu ya nyusi ilirudi duniani miaka ya 1980, Ray-Ban walipotoa Clubmaster. Kwetu imerudi kwa njia nyingine. Juni 2022 jino la Lumumba, mabaki pekee yaliyosalia, liliwasili kutoka Ubelgiji na kupitishwa hadi Shilatembo. Kisha katika Kombe la Afrika lililochezwa Maroko, mshabiki mmoja wa Léopards, timu yetu ya taifa, alisimama mechi nzima bila kutikisika, mkono juu, suti na miwani kama za Lumumba, na vijana wetu wakaijua sura hiyo upya kupitia simu.

Nafurahi wakiichagua. Wala hawakosei kwa upande wa kukaa usoni. Fremu nyingi za plastiki zinazoletwa huku zimeundwa kwa pua nyembamba, na kwenye joto la Oktoba zinateleza hadi mdomoni. Ya Lumumba ina vidude viwili vya kukaa puani ambavyo fundi anaweza kuvipanua kwa koleo. Geuza mkono wa fremu usome ndani: 50, 20, 145. Ni milimita za upana wa lenzi, za daraja la puani na za urefu wa mkono. Mwenye pua pana atafute 20 au zaidi pale katikati. Na lenzi iliyopachikwa tayari na mchuuzi, inayofanana macho yote mawili, aiondoe. Apeleke fremu kwa mpimaji wa macho, kila jicho lipimwe peke yake, kisha lenzi zikatwe kufuata kipimo hicho.