Kwa nini tisheti ya kushona nyumbani hukatika uzi shingoni

Tisheti imeshonwa, imepigwa pasi, inaonekana ya dukani kabisa. Siku ya kwanza kuvaliwa, kichwa kinapopita tu shingoni, uzi unakatika. Wengi hulaumu cherehani. Mara nyingi tatizo ni aina ya mshono.

Kitambaa cha tisheti, jezi au taiti hakikufumwa kama khanga. Khanga ina nyuzi za urefu na za upana zinazopishana. Cha tisheti ni vitanzi vilivyoshikana, kama sweta ila vidogo mno, ndiyo maana kinavutika na kurudi. Mshono ulionyooka hauvutiki kiasi hicho, basi kitambaa kikivutika, uzi ndio unaoachia.

Dawa yake ni zigizaga nyembamba, ambayo cherehani nyingi za umeme za nyumbani zinayo. Upana wa milimita 0.5 hadi 1 na urefu wa 2.5 unatosha. Kwa macho unakaribia kuwa mshono ulionyooka, lakini kule kupinda kidogo kunaupa uzi akiba ya kuvutika. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba hukatika upesi.

Halafu kuna sindano, na hapa ndipo wengi wanaruka. Sindano yenye ncha kali inaweza kukata vitanzi, na baada ya kufua mara mbili tatu vitundu vinaanza kuonekana kando ya mshono. Inayofaa ina ncha ya mviringo, inayosukuma nyuzi pembeni na kupita katikati. Pakiti yake huandikwa Ball Point, Jersey au Stretch. Namba 75/11 ni ya kitambaa chepesi, 90/14 kizito. Cherehani ikiruka mishono kwenye kitambaa chenye laikra nyingi, ijaribiwe kwanza sindano ya Stretch kabla ya kutoa hela ya matengenezo.

Mikono nayo huharibu. Kitambaa kikivutwa wakati wa kushona, pindo linatoka na mawimbi. Meno ya cherehani yaachwe yasukume yenyewe. Kitambaa kikimezwa kwenye tundu la sindano mwanzoni, karatasi nyembamba huwekwa chini yake, kisha huchanwa.

Zile cherehani nyeusi za mkono au miguu, zenye mshono ulionyooka tu, ni habari nyingine. Kwake mishono huwa mifupi, na kitambaa huvutwa kidogo sana kutoka mbele na nyuma ya sindano kwa pamoja. Ubavuni inakubali. Shingo ni bora ipelekwe kwa fundi mwenye ovaloki.

Kitambaa cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu kinaweza kurudi. Na mshono ujaribiwe kwenye kipande kilichobaki, kivutwe mpaka mwisho wake. Uzi ukikatika hapo, zigizaga iongezwe upana kidogo na kujaribiwa tena.