Tumbo Kujaa Wakati wa Hedhi: Kumbe Tulianza Kupuuzwa Zamani Sana

Wadada, ile jinzi inayogoma kufungika siku mbili kabla ya hedhi si mawazo yako. Ila kwa karne nyingi ndivyo wanawake walivyoambiwa.

Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, waganga waliamini mfuko wa uzazi unaweza kutangatanga mwilini na kuleta maradhi. Ndipo lilipotoka neno histeria, kwenye neno la Kigiriki la mfuko wa uzazi. Ukilalamika tumbo, unaonekana una kichaa!

Wengine wakaona fursa. Mwaka 1875, mama mmoja wa Massachusetts, Marekani, alianza kuuza dawa ya mitishamba kwa ajili ya "matatizo ya kike". Ikavuma balaa. Ndani ya chupa kulikuwa na mizizi na pombe, tena kali kuliko divai. Unajiuliza, walipona au walilewa?

Mwaka 1931, daktari mmoja wa New York akaandika kuhusu wanawake wanaosumbuka siku chache kabla ya hedhi, akataja homoni. Mwaka 1953, daktari wa kike Uingereza na mwenzake wakazipa dalili hizo jina la pamoja, tumbo kujaa likiwemo. Dada huyo mwenyewe aliteswa na kipandauso kila mwezi, akaona kimepotea alipopata ujauzito. Yaliyomkuta yeye yalimfanya awasikilize wengine.

Leo tunajua zaidi. Homoni zinapopanda na kushuka kabla ya hedhi, mwili unashikilia maji na chumvi, na utumbo unafanya kazi taratibu, gesi inakaa. Kwa wengi hali hutulia hedhi ikishaanza.

Ufanyeje? Siku hizo punguza chumvi, hasa kwenye chipsi na vyakula vya pakiti. Soda iache kwanza, gesi yake inaongeza gesi. Kunywa maji, kula kidogo kidogo, tembea hata nusu saa. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo inasaidia maumivu.

Ila tumbo likibaki limejaa hata baada ya hedhi kuisha, au maumivu yakikulaza kitandani, nenda hospitali. Ukiambiwa "ni kawaida ya wanawake" bila hata kupimwa, usirudi nyumbani kimya. Tafuta daktari mwingine.