Panya wa Ehrlich na siri ya maziwa ya mama

Ukiulizwa maziwa ya mama ni nini, pengine utajibu: chakula cha mtoto. Sawa kabisa. Ila mwaka 1892 daktari Mjerumani, Paul Ehrlich, alionyesha kuwa maziwa yana kazi nyingine.

Aliwazoesha panya sumu za mimea kidogo kidogo, ikiwemo ile ya mbegu za mbarika, mpaka wakapata kinga. Watoto wa majike hao nao wakastahimili sumu. Je, wamerithi? Akajaribu upande wa baba: watoto wa dume lenye kinga hawakuwa nayo. Halafu akabadilisha wanyonyeshaji. Watoto wa jike la kawaida wakanyonyeshwa na jike lenye kinga, na wao wakaipata! Kumbe inapita kwenye maziwa.

Lakini tusikimbilie kusema binadamu ni vilevile. Utumbo wa kitoto cha panya hupitisha kingamwili nyingi za maziwa hadi kwenye damu. Mtoto wetu hupata kingamwili za damu mapema, akiwa bado tumboni, kupitia kondo la nyuma. Sasa hizi za kwenye maziwa ni za nini?

Mwaka 1961, Lars Hanson wa Sweden alionyesha kwamba IgA, kingamwili kuu ya maziwa ya mama, haifanani na ile ya damu. Ina umbo lake, gumu kusagwa tumboni. Haina haja ya kuingia kwenye damu. Inabaki utumboni na kuvishika vijidudu kabla havijagusa ukuta wa utumbo.

Baadaye ikajulikana zinakotoka. Seli za kinga zilizokutana na vijidudu kwenye utumbo wa mama husafiri hadi kwenye matiti na kutengeneza IgA hukohuko. Yaani mama akinywa maji ya kisima chenu, maziwa yake yanabeba kinga dhidi ya vijidudu vya kisima hichohicho. Maziwa ya kopo hayajui unaishi wapi.

Ndiyo maana inauma kuona dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, yakikamuliwa na kumwagwa, eti ni machafu. Hayo ndiyo yenye IgA nyingi kuliko yote yatakayofuata. Kama una dada au jirani anayekaribia kujifungua, mwambie mapema, kabla hajapata ushauri mwingine.