Kibao kimoja, miji mingi

Jumamosi hapa Bukoto mwenzetu mmoja alituonyesha picha kwenye simu: foleni ya maji Nakivale, na yeye mtoto ameshika dumu la njano. Kumbe kuna watu wameiweka mtandaoni eti ni wakimbizi wa nchi nyingine kabisa. Tulicheka, halafu tukanyamaza.

Jamani, mambo haya hayakuanza na simu. Mwaka 1493, mjini Nürnberg, Ujerumani, Anton Koberger alichapa kitabu cha historia ya dunia cha Hartmann Schedel. Kina picha zaidi ya 1,800, lakini vibao vya mbao vilivyochongwa ni kama 645 tu. Ilikuwaje? Kibao kilipakwa wino, kikachapwa, kisha kikatumika tena ukurasa mwingine kwa jina jingine. Ndiyo maana uso wa kaisari wa Roma unaweza kukutana nao mbele ukiitwa mtu mwingine. Hata Mainz na Naples zilipewa picha moja! Ila Roma yenyewe ilichorewa picha yake, na Colosseum unaitambua.

Mwaka 1505, Mainz, ikatoka historia ya Roma ya Titus Livius kwa Kijerumani. Humo Warumi wamevaa kama Wajerumani wa siku zile. Usiseme tu "wamekosea". Kitabu kilitolewa kwa heshima ya Maximilian, mfalme wa Wajerumani aliyekuwa na cheo cha Mfalme wa Warumi. Kwao, Roma ilikuwa habari yao wenyewe. Kwa hiyo picha ile inatueleza zaidi habari za waliochora.

Na sisi je? Mwaka huohuo 1505 Wareno waliteka Kilwa, wakachoma Mombasa. Katika safari ile alikuwemo Mjerumani, Balthasar Springer. Mwaka 1508 Hans Burgkmair akatoa picha za watu wa Afrika na India kutokana na safari hiyo, na yeye mwenyewe hakusafiri.

Basi ukiona picha, uliza: nani kaitengeneza, kwa ajili ya nani, na imeshatumika wapi? Na tukiweka picha zetu hapa, tuombe ruhusa kwanza, tuandike mahali na mwaka. Mwenzetu ameshaanza. Chini ya ile picha ameandika: "Nakivale, 2011. Mwenye dumu ni mimi."