Cha Lazima na cha Hiari

Mwenye kitabu na akifungue. Asiye nacho amsogelee mwenzake.

Leo tutasoma historia ya jambo moja la kompyuta, lakini kwanza twendeni Kariakoo, Dar es Salaam. Jina hilo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Hakuna aliyejua kuliko mpagazi tofauti ya mzigo wa lazima na mzigo wa bure.

Haya, ingia dukani ununue taa ya chemli. Tambi na mafuta ni lazima. Bila hivyo hakuna moto. Kioo je? Bila kioo taa itawaka, lakini upepo utaizima. Kwa hiyo yafaa sana uwe nacho. Msumari wa kuitundikia ni hiari yako. Muuzaji akikuambia msumari ni lazima, umetoa fedha bure. Akinyamaza juu ya tambi, utalala gizani.

Programu za kompyuta nazo hutegemeana. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, mkusanyo wa programu huria. Humo kila furushi la programu huandikwa linategemea nini, kwa daraja tatu: cha lazima, cha kupendekezwa, na cha hiari. Tangu toleo la mwaka 2009, kompyuta huleta yenyewe hata cha kupendekezwa, ila mwenyewe akikataa. Cha hiari huachiwa mtu achague.

Je, latuhusu? Latuhusu sana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maneno ya Kiswahili. Kwa mashine, Kiswahili ni msumari tu. Programu hufanya kazi kwa Kiingereza. Lakini kwako wewe uliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, ni tambi.

Basi mwandishi wa orodha aseme kweli: asiite lazima kisicho lazima, maana kupakua nako ni fedha. Lakini amkumbuke na mtumiaji. Lugha yake aiweke daraja la pili, ionekane, isifichwe pamoja na misumari.

Maswali:
1. Daraja tatu ni zipi?
2. Taja kitu ulichonunua. Kipi kilikuwa lazima, na kipi hiari?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.